Fundi Anajibu: Hadi Diski Ikigoma, Usikubali Kupigiwa Windo Kwanza

Toleo hili nimeliachia jambo moja tu maana maswali ya hadi diski, yaani kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachotunza mafaili, yamekuwa mengi, Arusha mpaka Moshi, na karibu yote yanafanana: laptopu imegoma, mwenyewe kakimbilia kwa fundi wa kwanza aliyemuona, fundi kasema "hii inataka windo tu", yaani kuwekewa Windows upya, na mafaili ambayo yalikuwa bado yanaokoleka yakaishia hapo hapo. Inaniuma kwelikweli kwa sababu hadi diski mpya unaipata dukani leo leo, ila riseach ya mtu au picha za marehemu haziuzwi duka lolote. Swali la kwanza ntalijibu kwa kirefu kwa sababu ndo limebeba mengi, mengine ntayapitia kwa kifupi.

Shikamoo fundi. Niko chuo hapa Njiro mwaka wa mwisho, laptopu yangu ni yuzdi, hadi diski yake ni ile ya kawaida ya GB 500. Nilikuwa naandika chapta ya nne umeme ukakatika, na betri ilishakufa siku nyingi natumia chaja tu, ikazima ghafla. Kuiwasha ikaleta maandishi kwamba inakagua na kurekebisha diski, ikakaa asilimia 11 toka usiku mpaka asubuhi. Nikaizima kwa nguvu, sasa saa ingine inafika kwenye nembo ya Windows inastaki, saa ingine inasema haioni diski kabisa. Fundi mmoja kasema nipige windo, mwingine kasema aifungue ndani aisafishe, rumeti wangu anasema niiweke friza. Riseach yote iko humo na nadifendi mwezi ujao. Nifanyaje? (Mwanafunzi, Njiro)

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Kwanza zima hiyo laptopu na uiache imezimwa, usiwe unaiwasha kila baada ya muda kuangalia kama imepona maana haiponi yenyewe, na kila unapoiwasha Windows inaanza kuandika vitu vyake kwenye diski ile ile iliyochoka. Hao watatu waliokushauri wote wakatalie kwa sasa, na ntakwambia kwa nini, nikianza na yule wa kufungua.

Ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka, za laptopu nyingi zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna vichwa vidogo vya kusomea ambavyo wakati wa kazi havigusi sahani, vinaelea juu ya upepo unaoletwa na ule mzunguko, kwa nafasi ya nanomita chache tu. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita kama 80,000, kwa hiyo punje ya vumbi ambayo hata huioni kwa macho ni kubwa mara nyingi kuliko hiyo nafasi. Sasa mtu anakufungulia mfuniko pembeni ya barabara, magari yanapita, vumbi la kiangazi linajulikana, alafu anafuta sahani kwa kitambaa na spiriti. Akirudisha na kuwasha, kichwa kinagonga vumbi, kinakwaruza sahani, na pale palipokwaruzwa ule utando wenye data umeshakuwa unga, hakuna mtaalamu dunia nzima atakayeurudisha. Kazi ya kufungua hadi diski inafanyika kwenye chumba chenye hewa iliyochujwa maalum, basi. Fundi asiyekuwa nacho asiguse zile skrubu za mfuniko.

Friza nayo hapana. Diski ikitoka kwenye baridi ikakutana na hewa ya chumbani inatoa jasho, na hayo maji yanakaa mpaka juu ya sahani, ukiwasha umeimaliza. Kuigonga gonga mezani hivyo hivyo.

Na kupiga windo ndo kubaya zaidi kwako wewe kwa sababu kunaonekana kama matengenezo. Laptopu itawaka, kioo kitakuwa kisafi, utamlipa fundi na utamshukuru, alafu utaenda kwenye folda ya riseach usiikute. Windows mpya inajiandika juu ya mafaili yako, na kilichoandikiwa juu hakirudi. Na diski yenyewe bado ni mgonjwa, baada ya wiki kadhaa itagoma tena.

Yale maandishi ya kukagua na kurekebisha diski yanayosimama asilimia 11 nayo usiyape nafasi tena. Hiyo ni programu ya Windows inaitwa chkdsk, kazi yake ni kuifanya orodha ya mafaili ikae sawa, sio kuokoa mafaili, kwa hiyo ikikuta faili halisomeki vizuri inaweza kulikata ikalitupa kwenye folda linaloitwa found.000 kama vipande visivyo na jina. Kwenye diski isiyo na ugonjwa ni msaada mzuri tu, ila kwenye diski inayokufa inailazimisha kusoma na kuandika masaa mengi pale pale penye ugonjwa.

Sasa tuje kwenye kuokoa. Jambo la kwanza ni kusikiliza. Weka sikio karibu wakati unaiwasha mara moja ya mwisho, au muulize rumeti wako alisikia nini. Kama inapiga tik, tik, tik kwa mpangilio ule ule alafu inanyamaza, vichwa vimekufa au vimeshindwa kujua viko wapi, hapo programu yoyote haisaidii na kila tik ni hatari ya kukwaruza. Kama inalia kamlio kembamba kama ka simu yenye chaji ndogo na haizunguki, mara nyingi vichwa vimenata kwenye sahani na mota inashindwa kuvuta. Kama haina sauti wala mtetemo wowote, inaweza kuwa bodi yake ya chini imeungua. Hizo hali tatu zote ni za mtaalamu mwenye vifaa, sio za kujaribu nyumbani, na usidanganywe kwamba unachukua bodi ya diski nyingine ya modeli ile ile unapachika inawaka, diski za siku hizi bodi inabeba taarifa za diski yake yenyewe kwenye chipu ndogo na lazima hizo taarifa zihamishwe kwanza.

Lakini kwa ulivyoelezea, kwamba saa ingine inafika mpaka kwenye nembo ya Windows, nadhani yako bado inazunguka na kusomeka ila ina sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya sahani visivyosomeka, zinazoistakisha. Hiyo ni hali yenye matumaini. Umeme kukatika peke yake kwa kawaida hauui diski, zile sahani zinavyoendelea kuzunguka kidogo zinatoa umeme wa kutosha kurudisha vichwa mahali pake, ila kuzima hivyo mara kwa mara kunachosha, na kama ilikuwa katikati ya kuandika faili basi orodha ya mafaili inavurugika. Kwa hiyo inawezekana una matatizo mawili kwa wakati mmoja, diski kuchoka na orodha kuvurugika, na yote mawili dawa yake ya kwanza ni moja: toa nakala ya diski nzima, alafu hangaika na nakala, sio na diski.

Ichomoe kwenye laptopu, ni skrubu chache tu za mfuniko wa chini na inatoka kwa kuvuta taratibu upande wa kiunganishi. Tafuta waya wa SATA kwenda USB, yaani wa kuichomeka diski hiyo kwa nje kama flashi, maduka ya kompyuta ya mjini kuanzia Mnara wa Saa kushuka Sokoine wanao, na ekstano, yaani diski ya nje ya kuchomeka, yenye nafasi kubwa kuliko diski yako, yaani kwako ya TB 1 inatosha, iwe imefomatiwa kwa mtindo wa NTFS au exFAT kwa sababu mtindo wa FAT32 haikubali faili moja linalozidi GB 4. Usiichomeke kwenye kompyuta iliyowashwa kwa Windows. Ukiichomeka itakuletea dirisha linalouliza kama unataka kufomati diski ndo uitumie, na nimeona watu wanabonyeza ndiyo kwa haraka ya kutaka dirisha lipotee. Ikitokea, kataa, alafu zima vizuri.

Kuna mfumo wa bure unaitwa SystemRescue, unaupakua, unauandika kwenye flashi kwa kutumia programu ya Rufus, alafu unawashia kompyuta kwa hiyo flashi. Humo ndani tayari kuna ddrescue, TestDisk na PhotoRec, zote ni za bure, kwa hiyo mtu asikuuzie kwa bei ya dhahabu programu iliyokrakiwa yenye virusi. Ukishawasha, chomeka diski mbovu na ekstano, andika `lsblk` uone majina, na hapa tulia sana, angalia ukubwa wa kila moja mpaka uwe na uhakika ipi ni ya GB 500 na ipi ni ekstano, kwa sababu ukigeuza majina utaandika juu ya diski unayotaka kuiokoa. Tuseme diski yako imetokea kama sdb. Ekstano unaifungua kwa kuimaunti kwenye folda, yaani kuiunganisha na folda ili mafaili yake yaonekane, ile mbovu huimaunti, unaingia kwenye folda ya ekstano alafu unaandika:

`ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map`

Inachofanya ni kusoma kwanza sehemu nzuri zinazosomeka haraka na kuruka zile mbovu, tofauti na kukopi kawaida ambako inang'ang'ania sekta moja mbovu mpaka diski inakufa mkononi kabla hujapata zile nzuri. Ikimaliza unairudia amri hiyo hiyo ila badala ya `-n` unaweka `-r3`, hapo ndo inarudi kwenye sehemu mbovu kujaribu mara tatu tatu. Lile faili la ramani.map ndo linanifanya niipende hii programu kwa mazingira yetu, linakumbuka imefika wapi, kwa hiyo umeme ukikatika katikati unawasha tena, unaandika amri ile ile, inaendelea ilipoishia bila kuanza upya. Hakikisha tu ramani iko kwenye ekstano na sio kwenye folda ya mfumo wa flashi, kwa sababu vya kule vinafutika ukizima. Inaweza kuchukua masaa, inaweza kuchukua siku, iache. Weka diski mahali pasipotikisika, penye hewa, sio juu ya godoro. Ukisikia imeanza kupiga tik tik katikati ya kazi, simamisha.

Nakala ikishapatikana, funga diski mbovu kwenye bahasha na usiiguse tena. Kuanzia hapo unafanya kazi kwenye nakala.img. Andika `testdisk nakala.img`, inaweza kukuonyesha folda zako kama zilivyokuwa na majina yake, unakopi chapta zako kwenda kwenye flashi nyingine. Ikishindikana unatumia `photorec nakala.img` ambayo ntaielezea zaidi kwa mama wa Kibosho hapa chini.

Wakati hayo yanaendelea, kuna njia nyingine ambayo watu wanaisahau kwa sababu wameelekeza akili yote kwenye diski. Riseach yako haijaishi kwenye hiyo laptopu peke yake. Ulimtumia msimamizi chapta moja mpaka tatu kwa imeili, fungua zilizotumwa. Ulimtumia rafiki yako kwenye WhatsApp akuangalizie, kwenye simu yake na yako kuna folda ya WhatsApp Documents, ingia humo ukaangalie moja moja. Na steshenari ulipoenda kuprinti, nenda kesho asubuhi, msalimie dada wa pale vizuri, muombe aangalie kwenye daunlodi na kwenye desktopu, mafaili ya wanachuo yanakaa pale miezi bila kufutwa. Kama una kopi ya karatasi yenye masahihisho ya msimamizi, Google Lens kwenye simu inasoma maandishi kwenye picha na unayabandika kwenye Word, utarekebisha makosa madogo madogo lakini hutaanza kuandika upya. Kwa mwanafunzi mwenye mwezi mmoja ningeanza na haya leo kabla hata sijatafuta waya.

Na mwambie msimamizi wako mapema. Usimfiche mpaka wiki ya mwisho.

Habari za kazi mwanangu. Laptopu ya nyumbani ilikuwa na picha zote za marehemu mume wangu na za ubatizo wa wajukuu. Ilikuwa nzito tu, kijana wangu akaipeleka mjini Moshi, ikarudi inawaka vizuri ila haina kitu, fundi anasema alipiga windo na hakuambiwa kuna picha. Je zimepotea kabisa? (Mama, Kibosho)

Shikamoo mama, na pole kwa yote mawili. Jibu la kweli ni kwamba baadhi zinaweza kuwa zimeenda, lakini nyingi zinaweza bado ziko, na kinachoamua ni mtafanya nini kuanzia sasa hivi. Waambie wajukuu laptopu isiguswe, wasiangalie katuni, isiunganishwe na intaneti. Izimwe kabisa mama, maana kila dakika ikiwaka Windows inapakua masasisho na kuyaandika mahali popote inapopaona ni patupu, na huko "patupu" ndiko picha za mzee zilikolala.

Iko hivi. Fundi akifomati kwa ile njia ya haraka, na wengi wanafanya hiyo, picha zenyewe hazifutwi, kinachofutwa ni orodha inayosema picha gani iko wapi. Windows mpya ikaandikwa pale, inakula gigabaiti 20 na kitu, zilizokuwa chini ya hapo ndo zimeenda. Kama hadi diski ni ya gigabaiti 500 unaona mama kwamba sehemu kubwa haijaguswa. Lakini mwulizeni fundi kwa upole, bila ugomvi maana tunahitaji atwambie ukweli, kama alifomati haraka au alitumia ile ndefu, kwa sababu tangu Windows Vista fomati ndefu inaandika sifuri diski nzima, na hapo hakuna kitu cha kutafuta tena. Mwulize pia kama ni hadi diski ya kawaida au aliweka SSD mpya, ile diski ya kisasa isiyo na sahani inayotunza mafaili kwenye chipu. Kama aliweka SSD mpya basi ile ya zamani ya nyumbani kwako iko wapi? Dai irudishwe leo, huenda picha ziko humo zote hazijaguswa.

Anayekusaidia atoe diski, atoe nakala kama nilivyomwelekeza mwanafunzi wa Njiro hapo juu, alafu atumie PhotoRec. Hiyo haiangalii orodha kabisa, inapita diski kutoka mwanzo mpaka mwisho inatafuta alama za mwanzo wa faili, picha za JPEG kwa mfano zote zinaanza na baiti FF D8 FF, ikiiona inaanza kuikusanya. Kwa sababu hiyo majina na folda hayarudi, utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba kama f1234567.jpg, zimechanganyika na vipicha vya matangazo ya intaneti. Usikate tamaa ukiona hivyo mama. Picha za kamera na simu zinabeba ndani yake tarehe iliyopigwa, kijana anaweza kuzipanga kwa tarehe na ukubwa, vile vidogo vyote anavitupa pembeni, na ubatizo utauona umekaa pamoja siku moja. Zinazorudi ziwekwe kwenye diski nyingine, sio kwenye ile ile zinakotoka.

Na ndugu waliokuwepo kwenye ubatizo na msibani waombe kila mmoja atume alizonazo kwenye simu. Watume kama faili na sio kama picha, WhatsApp ikituma kama picha inazipunguza ubora.

Kaka mambo, mimi ni mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro niko Marangu. Kuna wageni wapiga picha walikuja na ekstano ya kawaida, kila jioni wanahamisha picha. Kambi ya Mandara ilifanya kazi, kufika kambi ya Kibo ikaanza kukwaruza na kukata kata. Walinilaumu mimi kwamba niliigongesha kwenye mzigo. Je inawezekana ni mlima wenyewe? (Mwongoza wageni, Marangu)

Poa kaka, na inawezekana kabisa, sio lazima iwe mzigo. Rudi kwenye nilichosema juu, vichwa vinaelea kwenye hewa. Hadi diski za kawaida sio kwamba hazina hewa ndani, zina kitundu kidogo chenye kichujio, utakiona juu ya mfuniko na pembeni pameandikwa usikizibe. Kwa hiyo hewa ya ndani ni hewa ya pale mlipo. Ukipanda hewa inakuwa nyepesi, vichwa vinashuka karibu zaidi na sahani, na watengenezaji wengi wanaweka kikomo cha kuitumia kwenye mita 3,000 hivi. Mandara iko mita 2,720, mko chini ya kikomo. Kambi inayofuata, Horombo, ni 3,720, mmeshapita. Kibo 4,720 ndo usiseme, na baridi ya usiku pale inashuka chini ya sifuri wakati hizi diski zinataka angalau joto la sifuri na kwenda juu.

Kuibeba ikiwa imezimwa hakuna shida, ikiwa imezimwa inavumilia mpaka kimo cha ndege, shida ni kuiwasha. Wageni wajao wape ushauri huu pale getini kabla hamjaondoka: wabebe SSD, haina sahani wala vichwa, au wabaki na kadi za kamera zaidi wahamishe wakishashuka. Na hiyo ya hawa wageni waambie wasiiwashe tena hata hapa chini mpaka mtu atoe nakala kwa njia ya ddrescue, na ikitolewa kwenye begi la baridi ikae masaa kadhaa imezimwa ndani ya mfuko wake mpaka ipate joto la chumba.

Habari mwalimu wangu wa kompyuta. Laptopu yangu mpya ya SSD imewaka kioo cha bluu inadai namba ndefu ya BitLocker. Sijawahi kuweka hiyo kitu. Fundi anasema diski imekufa. (Mwalimu, Pasua)

Haijakufa mwalimu, imefungwa, BitLocker ni kufuli la Windows la kulinda mafaili ya diski. Laptopu nyingi za siku hizi zikiunganishwa na akaunti ya Microsoft zinajifunga zenyewe, na zikihisi kuna kitu kimebadilika, BIOS (programu ndogo inayoiamsha kompyuta) imesasishwa au fundi kagusa kitu, zinadai ufunguo wenye tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu, ile imeili uliyotumia siku unaiwasha mara ya kwanza, sehemu ya vifaa utaukuta ufunguo umehifadhiwa. Linganisha kitambulisho kinachoonekana kwenye kioo na cha kwenye akaunti, alafu uandike. Kama aliyeifungua mara ya kwanza ni kijana wa dukani kwa imeili yake, mtafute huyo. Bila ufunguo hakuna fundi wa kukutolea mafaili humo, anayesema anaweza anataka hela yako.

Na nikuongezee kwa sababu una SSD: ukifuta kitu kwenye SSD usitegemee kukirudisha kama kwenye hadi diski. Windows inaiambia SSD papo hapo kwamba nafasi hii haitumiki tena, na SSD inaisafisha yenyewe. Bekapu kwako ni lazima zaidi.

Fundi salaam. Mimi ni katibu wa saccos yetu hapa Kaloleni, rekodi za wanachama ziko kwenye kompyuta moja ya zamani. Bado inafanya kazi ila imekuwa nzito. Nitajuaje kama diski inaelekea kufa, na nikiipeleka kwa fundi wanachama watakuwa salama? (Katibu, Kaloleni)

Salaam katibu, nafurahi umeuliza ikiwa bado inawaka. Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, ukiifungua inakupa rangi: bluu nzuri, njano tahadhari, nyekundu mbaya. Ikiwa njano angalia mistari ya sekta zilizohamishwa (Reallocated Sectors Count) na sekta zinazosubiri (Current Pending Sector Count), zikiwa na namba inayopanda wiki hadi wiki usisubiri nyekundu, nunua diski sasa. Ila bluu nayo isikulaze usingizi maana diski zingine zinakufa ghafla bila kutoa dalili.

Leo hii kabla hujafanya chochote kopi folda ya rekodi kwenye ekstano mbili. Moja ibaki ofisini kwenye droo yenye kufuli, nyingine mwenyekiti akae nayo nyumbani, kwa sababu mwizi akiingia au maji yakiingia kipindi cha masika vyote vya ofisini vinaenda pamoja. Kila Ijumaa mnabadilishana. Usiiache ekstano imechomekwa muda wote, virusi vya kufunga mafaili vikiingia vinafunga na hiyo. Kama mafaili ni madogo, na ya Excel huwa ni madogo, weka na kwenye Google Drive, gigabaiti 15 ni bure, ila faili lenyewe liwekee nywila kwanza. Na mara moja kwa mwezi fungua faili kutoka kwenye ekstano uone linafunguka, bekapu ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu.

Kuhusu fundi, hizo ni taarifa za watu na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na nyie saccos mnabeba jukumu. Njia rahisi ni kutoa diski kabla kompyuta haijaenda kwa fundi kama tatizo ni kioo au chaja. Kama tatizo ni diski yenyewe, kaa pale anapofanya kazi, au muandikishiane karatasi yenye jina lake, namba ya diski iliyoko kwenye lebo, na kwamba diski ya zamani inarudi kwenu. Ile ya zamani msiiuze na wala msimwachie kama sehemu ya malipo. Mkishahakikisha rekodi zote zimehamia kwenye diski mpya na ekstano zote mbili zinafunguka, itoboeni kwa drili pale katikati penye sahani, tundu tatu nne zipite mpaka upande wa pili, katibu na mwenyekiti mkiwepo wote.